Mama Yakubu na Diski ya Vita

"Mama Yakubu, lile baibui lako lililoungua mkono bado unalo, au umeshalikata matambara?"

Aliyeuliza ni Mudhi, jirani wa ukuta kwa ukuta, kasimama mlangoni na viatu vyake mkononi kama anayeingia msikitini. Mudhi alikuwa hivyo akija kuomba kitu. Akija kutoa kitu, aliingia na viatu vyake mpaka jikoni.

Sabika, ambaye mtaa mzima wa Kaifan, mjini Kuwait, ulimwita Mama Yakubu, alikuwa kitako mkekani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ninalo. Unalitakia nini?"

"Mimi nilitakie nini gunia lile? Anayelitaka ni Bi Nuria."

"Nuria wa Marzuk?"

"Huyohuyo."

Hapo ndipo Sabika alipoinua kichwa. Bi Nuria, mke wa Marzuk muuza viyoyozi, alikuwa na mabaibui ya hariri ya asubuhi na mengine ya jioni, na la kwendea matangani lililotariziwa ncha, kwa sababu hata msiba kwake ulikuwa mahali pa kutazamwa. Mtu wa namna hiyo kutuma kuazima baibui la mhudumu wa skuli, tena lenye tundu la kupitisha kiganja, ni jambo la kumfanya mtu aache mchele.

"Kafilisika?"

"Afilisike wapi, mwenzangu. Hujasikia habari ya diski?"

Sabika hakuwa amesikia. Mudhi akaweka viatu chini, akakaa, akakunja miguu, na mtu angemtazama angejua kuwa kuazima baibui kulikuwa kisingizio tu, hamu yake ilikuwa kusimulia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Marzuk, ambaye tangu vita viishe alikuwa ameongeza biashara ya kompyuta juu ya ile ya viyoyozi, alikuwa ameagiza kutoka Marekani diski moja inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Watu wa magazeti wa huko walikuwa wamechukua habari zao zote za vita vya Kuwait, yale waliyoyaandika, picha, ramani na sauti, wakazishindilia mle ndani. Ukiitia kwenye kompyuta unabonyeza unachotaka, unaona na kusikia. Marzuk aliiweka barazani kwake, na wanaume wa mtaa wakawa hawakosi, wanakunywa kahawa yake na kutazama vita walivyoviishi wenyewe, wakishangaa kana kwamba vilipiganwa nchi nyingine.

"Sasa humo," Mudhi akasema, "kuna picha ya mwanamke siku ya ukombozi. Amevaa baibui na bushia, uso wote umefunikwa, macho pia. Kasimama mbele ya gari la askari, mikono juu. Na mkono wa kushoto wa baibui una tundu la moto, mpaka maua ya gauni yanaonekana."

Sabika alichota mchele, akauacha uteleze vidoleni.

"Wanaume wakauliza, shujaa huyu ni mke wa nani? Marzuk akasema anaweza kuwa mke wa yeyote. Ilipofika sala ya isha akasema anaweza kuwa mke wangu. Kesho yake asubuhi akawa ni mke wake kabisa."

"Na Nuria anasemaje?"

"Anasema ndiye. Ila baibui lake la siku ile alilitupa, nalo linatakiwa liwekwe barazani ndani ya kabati la kioo. Nikakumbuka lako. Nikamwambia, Mama Yakubu analo lililoungua vilevile."

"Vilevile."

"Hasa. Ajabu, ee?"

Mudhi alikuwa mtu mwema, lakini Mwenyezi Mungu alimpa ulimi akasahau kumwekea breki. Alikuwa ameona baibui lile kila siku kwa miezi, akijua liliungua wapi na lini, na bado akili yake haikumwonyesha kuwa mwenye baibui na mwenye picha wanaweza kuwa mtu mmoja. Katika mtaa ule mambo makubwa yalikuwa ya akina Nuria. Akina Sabika walikuwa na nguo zilizoungua.

"Mwambie nitalifikiria," Sabika akasema. "Kwanza nataka kuiona hiyo diski."

Baibui liliungua hivi. Walipoingia askari wa Baghdadi mwezi wa nane, waokaji mikate wa duka la ushirika, ambao wote walikuwa wageni, walifungasha wakaenda makwao, na ni haki yao. Tanuri likalala baridi. Wenye magari ya viyoyozi walikuwa wameshavuka mpaka, waliobaki wakatazamana. Sabika alikuwa mjane wa dereva wa wizara, kazi yake kufungua lango la skuli ya msingi ya wasichana, kuwachemshia chai walimu na kuwafunga nywele watoto zilipowafunguka. Lakini mama yake alimfundisha tanuri la udongo kule mtaa wa zamani wa Mirqab, nyumba zilipokuwa bado za matope. Akaingia kwenye tanuri la ushirika pamoja na wanawake wengine, na hakutoka mpaka vita vilipokwisha. Alioka na baibui lake mwilini, kwa sababu askari walikuwa wakiingia bila kubisha hodi. Siku moja mkono wa kushoto ukashika moto. Akauzima kwa unga, akaendelea.

Mwanawe Yakubu, aliyekuwa na miaka ishirini na kitu na ndevu zisizotaka kukamilika, ndiye aliyepeleka mikate nyumba kwa nyumba. Ijumaa ya mwisho kabla ya ukombozi, waliotawala mji walianza kuokota wanaume njiani kama mtu anayekusanya kuni. Yakubu aliokotwa akiwa na sinia tupu mkononi. Sabika aliliona basi alilopandishwa. Alilijua, maana lilikuwa basi la skuli yake mwenyewe, lililoporwa pamoja na madawati: njano, kioo cha nyuma kimezibwa kwa ubao aliogongelea yeye na mlinzi baada ya wasichana kukivunja. Alilikimbilia mpaka likapinda kona kuelekea njia ya kaskazini.

Asubuhi ya Jumanne, magari ya kwanza ya wakombozi yalipoingia, watu walitoka na bendera. Sabika alitoka bila bendera, akasimama mbele ya gari la mbele, mikono juu. Kulikuwa na mtu mwenye kamera begani. Alimwambia huyo, kwa kuwa askari walikuwa wanapunga mikono hawasikii. Alisema alichosema. Yule mtu alitikisa kichwa kwa adabu, kama wanavyotikisa watu wasiojua lugha, kisha gari likampita.

Wengi wa waliochukuliwa siku zile walirudi, wamekonda, vichwa vimenyolewa. Yakubu hakurudi. Sabika alikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia waliopotea, akakalishwa, akapewa chai, akaulizwa nani alimwona akipandishwa basi. Akasema, mimi. Kijana wa ofisini alikuwa mpole. Alisema mama huona anachotaka kuona, na watu wamekuwa wakija na hadithi za mabasi tangu majina yalipoanza kuandikwa. Kama ungesema siku zile zile, akasema, kabla hujasikia ya wengine, tungekuwa na pa kushika.

"Nilisema," Sabika akamjibu.

"Ulimwambia nani?"

Jina la yule mwenye kamera hakulijua. Akamaliza chai, akaaga.

Bi Nuria naye alikuwa wapi? Alikuwa London, kwenye fleti ya shemeji yake, akitazama vita kwenye televisheni na kulalamika baridi. Mtaa mzima ulijua kwamba yeye na Marzuk walirudi baada ya Idi, umeme ulipokwisha kuwaka na maji kurudi mabombani, wakiwa na masanduku yaliyohitaji gari la pili. Siku ya kwanza alilia kwa sauti kubwa. Watu wakakimbilia kumpa pole wakidhani kapata habari ya kifo, kumbe marumaru ya ukumbi imepasuka. Sasa alikuwa na maelezo mapya. Kumbe aliingia kwa siri siku ileile ya ukombozi, kwa njia ya Saudia, pamoja na magari ya waandishi wa habari. Akawashukuru askari, kisha akatoka tena kwenda kuchukua masanduku. Hakuna aliyemkanusha. Marzuk alikuwa kwenye kamati ya duka la ushirika, na kahawa yake ilikuwa nzuri.

Wala hakuwa peke yake. Bi Wasmia wa nyumba ya kona alisema ule mwendo ni wake. Bi Tiba, mama wa mwalimu mkuu, alisema ameitambua pete. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na bushia ile nyeusi iliwaachia wote nafasi. Uzuri wa uso uliofunikwa ni kwamba unamtosha kila mtu.

Jumatano alasiri baraza la Marzuk lilifunguliwa kwa wanawake. Wanaume walitolewa, isipokuwa Antwan, fundi Mlebanoni aliyekuwa akishughulikia mitambo ya Marzuk, ambaye kiti chake kiligeuzwa atazame kompyuta tu na si wageni. Nuria alikaa kwenye mto wa katikati. Kulikuwa na chai ya zafarani, na halua ya ufuta iliyokatwa vipande vidogo kuliko adabu.

"Mama Yakubu, karibu huku mbele," Nuria akasema. "Macho yako ya uzeeni, utaona nini huko nyuma?"

"Nimezoea nyuma, dada. Nitaona."

Mashine ilinguruma, ikafikiri, ikanguruma tena. Antwan alisukuma kipanya mezani. Yakatokea maneno, kisha visanduku vya kubonyeza. Wanawake walitaka ndege, basi Antwan akabonyeza ndege. Ndege ikajizungusha polepole kama bibi arusi anayeonyesha gauni, na pembeni ukatajwa uzito wake, urefu wake na mbio zake. Kulikuwa na ndege nyingi. Kulikuwa na vifaru, navyo vilijizungusha. Kulikuwa na majenerali. Ukimbonyeza jenerali anafungua mdomo, anasema vita vinakwenda vizuri, anafunga.

"Na sisi tuko wapi?" Bi Wasmia akauliza.

Antwan alitafuta. Alipobonyeza Kuwait ikaja ramani ya rangi ya mchanga, kisima kinachowaka, na aya fupi. Wakamwambia asome. Miezi saba ya watu kula dengu, kuficha redio ndani ya magunia ya mchele na kupanda juu ya dari kumtaja Mungu gizani, ilikuwa imetoshea sentensi mbili, na ya pili ilikuwa juu ya mafuta.

"Basi?" Mudhi akasema. "Hata mikate yetu hamna?"

"Wenye kamera hawakuwepo, bibi," Antwan akasema bila kugeuka. "Humu mmeingia walichokipiga tu. Wasichokipiga, kwao hakikutokea."

"Na mimi je?" Nuria akasema. "Waonyeshe mimi."

Antwan akabonyeza. Kwanza ikaja picha iliyotulia, kubwa na safi: baibui, bushia, mikono miwili juu, na tundu la kushoto lenye maua madogo ya buluu. Wanawake wakavuta pumzi. Sabika aliyatazama yale maua. Gauni lile alilinunua kwa ajili ya ndoa ya mpwa wake, na baada ya siku ile hakulivaa tena.

Kisha ikaja picha inayotembea, ndogo kama kiberiti, inaruka kama mtu mwenye kwikwi. Mwanamke mdogo wa baibui jeusi akapandisha mikono, akashusha, akapandisha. Juu yake, kubwa kuliko yeye na kuliko gari, ikaja sauti ya mwanamume anayesema Kiingereza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kula.

"Anasemaje huyo?" Bi Tiba akauliza.

"Anasema, mwanamke wa Kuwait akiwashukuru wakombozi wake kwa machozi ya furaha," Antwan akatafsiri.

"Machozi aliyaona wapi, na bushia ile?" Mudhi akanong'ona.

Lakini Sabika hakuwa akisikiliza maneno ya yule bwana. Yule bwana, katikati ya maneno yake, alimeza mate. Na pale alipomeza mate, chini yake kabisa, ikapita sauti nyingine, nyembamba, iliyokwaruza: kioo cha nyuma kimezibwa. Kisha bwana akaendelea, akaifunika.

Sabika alisogea mpaka ukingo wa zulia.

"Antwan, mwanangu," akasema, "hebu rudisha."

"Mama Yakubu kaipenda picha yangu," Nuria akasema, na wawili watatu wakacheka.

Antwan akarudisha. Safari hii Nuria alikuwa anamwagiza mtumishi chai, na neno lilipotea kwenye vikombe. Sabika hakuomba mara ya tatu. Aligeuka taratibu kwa Nuria, na kama kuna watu wanaokasirika kwa kupaza sauti, yeye alikuwa wale wanaoishusha.

"Dada Nuria, siku ile ulisema nini?"

"Niliwaambia asanteni. Karibuni, mashujaa. Mungu awalipe."

"Kwa Kiarabu?"

"Kwa Kiingereza. Wangeelewaje Kiarabu?"

"Kumbe. Na mkono uliungua na nini?"

Nuria alifikiri kidogo tu. "Bomu."

"Bomu likachoma mkono wa baibui, likakuacha wewe."

"Mungu ni mkubwa, Mama Yakubu."

"Ni mkubwa kweli," Sabika akasema. "Anavumilia mengi."

Bi Wasmia alijifuta mdomo kwa ncha ya mtandio ili kuficha anachokifanya mdomo huo. Nuria, ambaye hakuwa mjinga ila alikuwa amezoea kutopingwa, akaona afadhali atoe habari yake kubwa. Marzuk, akasema, anatengeneza diski yao wenyewe, ya Kiarabu, itakayotolewa siku ya kumbukumbu ya ukombozi na kugawiwa skuli zote. Picha ile ndiyo itakayokuwa ya kwanza. Sauti ya yule bwana wa Kiingereza itafutwa, na mahali pake Nuria ataingia yeye, kwa sauti yake, arudie kwa Kiarabu maneno yake ya siku ile. Antwan atamrekodi Ijumaa, baada ya sala. Kwa hiyo baibui lile linahitajika kabla ya hapo.

"Utaazimwa jipya kwa muda," akamwambia Sabika. "La hariri."

Nyumbani Sabika hakula. Mudhi alimletea wali wa kuku wenye ndimu kavu, akakaa mlangoni akisubiri sahani, na baada ya kusubiri sana akasema, "Shoga, mimi ni mpumbavu, ee?"

"Kidogo."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ulisema nini pale?"

Sabika akamwambia. Mudhi akainuka mlangoni, kama mtu aliye tayari kwenda saa ileile.

"Nenda ukawaumbue," akasema. "Nenda kesho, mbele ya wanaume. Nitasimama nawe. Nitatoa ushahidi wa lile tanuri na nitataja tarehe aliyorudi Nuria, na rangi ya masanduku."

"Nimwumbue ili iweje?"

"Ili ujulikane ni wewe!"

"Nani anataka kujulikana, Mudhi? Mtu aliyevaa bushia toka kuolewa aende kugombea uso?" Akaisukuma sahani. "Nuria akitaka kuwa mimi, na awe. Nitampa na magoti yanayouma. Lakini chini ya sauti ya yule bwana kuna jina la mwanangu. Sasa hivi linafunikwa na bwana mmoja. Ijumaa litafutwa kabisa, liwekwe karibuni mashujaa, na watoto wa skuli yangu wafundishwe hivyo. Halafu yule kijana wa ofisini akiniuliza nilimwambia nani, nitamjibu nini?"

Usiku huo alisali, akamwomba Mungu amwondolee dharau moyoni, kwa maana alikuwa amemdharau Nuria tangu alasiri na aliona kuwa amelifurahia jambo hilo zaidi ya inavyomfaa mwanamke wa umri wake. Dharau ilipungua. Haikwisha.

Ijumaa baada ya sala alikwenda kwa Marzuk, Mudhi nyuma yake, baibui limekunjwa kwapani. Barazani walikuwa Marzuk mwenyewe, mtu mnene mwenye tasbihi ya kaharabu aliyoizungusha bila kutaja kitu. Nuria alikuwapo, amekwisha kunywa maji ya uvuguvugu kwa ajili ya sauti. Na Antwan na kipaza sauti chake mezani.

"Karibuni, mashujaa," Nuria alikuwa akijaribu. "Ka-ri-bu-ni."

"Punguza furaha, bibi," Antwan akasema. "Unaalika watu harusini."

"Nilikuwa na furaha siku ile."

"Ndiyo, lakini kulikuwa na moshi."

Sabika akasalimia, akatoa baibui, akalitandaza juu ya zulia. Mkono wa kushoto ukalala wazi na tundu lake. Bado lilikuwa na harufu ya unga ulioungua, au labda ni yeye tu aliyeisikia. Nuria akalichukua kwa vidole viwili, akalitupia mabegani ili aone linavyokaa. Likaishia katikati ya miguu. Nuria alikuwa mrefu. Mungu alikuwa amempa kimo hata asipokuwa na haja nacho.

"Limerudi kwa kufuliwa," Nuria akasema.

"Limerudi sana," Mudhi akasema. "Litakuwa lilifuliwa London."

Antwan alitazama baibui. Akatazama picha iliyotulia kwenye kioo, ambamo pindo lilifagia viatu. Kisha akamtazama Sabika, mwanamke mfupi aliyesimama karibu na mlango mikono imekutana mbele, akainamia waya zake kama mtu aliyepoteza sindano. Marzuk alikohoa. Tasbihi ilisimama, ikaanza tena.

"Antwan," Sabika akasema, "nikuulize jambo la kazi yako. Ile sauti ya yule bwana wa Kiingereza. Inaweza kutolewa, ikabaki ya yule mwanamke?"

"Kwenye diski hii haiwezekani, mama. Zimekwisha changanywa, kama maziwa na chai. Lakini yule bwana hakusema palepale. Alisema baadaye, studioni, juu ya picha. Kanda iliyotoka begani kwa mpiga picha, hiyo ina sauti ya mahali peke yake."

"Na hiyo kanda wanaitupa?"

"Watu wa habari hawatupi kanda. Ipo kwao. Mwenye kuinunulia diski yake picha hii, kama Bwana Marzuk anavyotaka kuinunua, anaweza kuwaomba na kanda."

"Ya nini yote haya?" Nuria akasema. Baibui bado lilikuwa mabegani mwake. "Maneno nimeshasema ni yapi. Tuanze, sauti yangu itapoa."

Mudhi akafungua mdomo. Sabika alimgusa kiwiko, mdomo ukafungika.

Marzuk alikuwa ameweka tasbihi chini. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hujua pale ambapo bidhaa imeonekana kasoro na aliye mbele yake ameiona. Kasoro hiyo ingeweza kutangazwa jioni ileile kwenye kila baraza la Kaifan. Akamtazama Sabika kwa mara ya kwanza tangu aingie, na akamwita kwa heshima ambayo haikuwahi kumtoka kwa mhudumu wa skuli.

"Bi mkubwa, wewe ni mama yetu. Tusizunguke. Useme unachotaka, na mimi nitakitimiza, na haya mambo yabaki humu ndani. Unataka picha iandikwe jina lako?"

"Hapana."

"Unataka nini basi?"

Sabika alisogea mpaka karibu na kioo cha kompyuta, ambapo yule mwanamke mdogo alikuwa bado amesimama, mikono juu, na hakuna aliyekuwa amemwambia ashushe.

"Naomba muagize ile kanda, muisikilize mpaka mwisho bila kusema juu yake, halafu muipeleke kwenye ofisi ya waliopotea. Ndani yake kuna mtu anamwambia mwenye kamera kwamba Yakubu bin Isa yumo ndani ya basi la njano la skuli, kioo cha nyuma kimezibwa kwa ubao, linakwenda kaskazini, na askari wakiliona wasilipige. Jina langu msiliandike. Andikeni la kwake."